Mikanda mitatu ya Beit al-Ajaib iliyokaa miezi 17 bila kusafishwa

Alasiri moja ya mwezi Agosti 2019 nilisimama Forodhani, Unguja, bahari ikiwa mgongoni kwangu, nikapiga picha za jumba la Beit al-Ajaib kwa mikanda minne ya filamu nyeusi na nyeupe. Mitatu ilikuwa ya Ilford Pan F Plus, filamu ya ISO 50 (ISO ni kipimo cha kasi ya filamu kupokea mwanga) yenye chembe ndogo sana, na wa nne ulikuwa wa FP4 Plus, ISO 125, kutoka kiwanda hichohicho. Mikanda hiyo niliisafisha Januari 2021, wiki chache baada ya sehemu kubwa ya mbele ya jumba hilo kuporomoka tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, ajali iliyowaua wafanyakazi wawili. Mkanda wa FP4 ulitoka mzima. Ile ya Pan F, ambayo ndiyo niliyoitegemea, ilitoka imefifia, na mmoja wao haukuwa na picha hata moja inayofaa kuchapishwa. Naeleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kosa lilikuwa langu, na kwa sababu nililifanya taratibu, mwezi baada ya mwezi, nikiamini kwamba picha nilikuwa nazo tayari.

Jumba lenyewe ndilo lililoamua aina ya filamu. Lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultan Barghash bin Said, na linajulikana kwa roshani zake pana zinazobebwa na safu za nguzo nyembamba za chuma, na kwa mnara wa saa uliounganishwa mbele yake baada ya mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 kuubomoa mnara wa awali uliokuwa umesimama peke yake. Ukilitazama kutoka bustanini, jicho linapokewa na vitu vidogo vingi kwa wakati mmoja: vichwa vya nguzo, vizuizi vya roshani, lipu iliyobanduka, michirizi ya kutu. Wakati huo lilikuwa limefungwa kwa umma kutokana na uchakavu, na mtu yeyote aliyepita pale aliona kwamba lina dalili mbaya. Nilitaka picha ambayo ningeweza kuikuza hadi ukubwa wa meza na bado nikahesabu vizuizi vya ghorofa ya juu kimoja kimoja, na kamera niliyokuwa nayo ilikuwa ya filamu ya milimita 35, ambayo fremu yake ni ndogo. Kwa fremu ndogo namna hiyo, ukubwa wa chembe ndio unaoamua picha itakuzwa kiasi gani.

Chembe hizo zinatokana na fuwele za halidi ya fedha zilizotawanywa ndani ya utando wa jelatini. Fuwele ikiwa kubwa hunasa mwanga mwingi, kwa hiyo filamu huwa ya kasi, lakini ikishasafishwa huacha chembe inayoonekana mara tu picha inapokuzwa. Fuwele ikiwa ndogo huacha chembe ambayo jicho linaitafuta bila kuiona, na gharama yake ni mwanga. Kutoka ISO 125 kushuka hadi ISO 50 kuna tofauti ya stopu moja na theluthi, na kila stopu ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu. Kwa jua la pwani hilo si tatizo: nikiwa nimeweka kichujio cha njano na kamera ikiwa juu ya stendi, mita ya mwanga ilinipa f/8 kwa sekunde 1/60 upande uliopigwa na jua. Chini ya roshani, ulipo mlango mkubwa wa nakshi, mwanga ulikuwa pungufu kwa stopu nne au zaidi, nami nilijua kwamba pale filamu itashika kidogo tu. Hilo la mwisho lilikuja kuwa na uzito kuliko nilivyodhani. Nilipiga pia picha sita kwa simu, za kuwatumia ndugu jioni ileile.

Mikanda ilirudi nami Dar es Salaam kwa boti, ikaingia kwenye droo ya meza, kila mmoja ndani ya kikopo chake cha plastiki chenye kifuniko. Wakati huo sikuwa na dawa ya kusafishia. Unga niliokuwa nao ulikwisha mwezi Juni, na studio za mtaani kwangu, ambazo zamani zilisafisha mikanda kwa saa moja, zilikwishageuka kuwa sehemu za picha za pasipoti na kutoa fotokopi. Anayepiga filamu nyeusi na nyeupe katika mji wangu husafisha mwenyewe jikoni, kwa dawa iliyoletwa na msafiri. Nilimwagiza jamaa yangu aliyetarajiwa kurudi Machi 2020, kisha janga la korona likafunga safari, na dawa ikaja mwisho wa mwaka.

Hata hivyo, korona haiwezi kubeba lawama yote. Kati ya Agosti 2019 na Machi 2020 kulikuwa na miezi saba, na ndani ya miezi hiyo ningeweza kupanda basi kwenda Nairobi au kumlipa mtu aniletee pakiti moja. Sikufanya hivyo kwa sababu sikuona haraka. Miaka mingi ya kutumia kadi za kumbukumbu imenifundisha kwamba picha ikishapigwa imeshapatikana, na kwamba kuifungulia leo au mwakani ni suala la nafasi tu. Niliihamishia tabia hiyo kwenye filamu bila kuichunguza. Nilikuwa mwangalifu sana na mikanda ambayo haijapigwa, nikiitunza ndani ya friji, na mikanda iliyopigwa, yenye kitu ambacho hakipatikani tena dukani, niliiacha kwenye droo ya chumba kisicho na kiyoyozi, ikapita kiangazi, masika, na kiangazi kingine.

Habari ya kuporomoka ilinifikia mchana wa Krismasi. Siku ile watu walitumiana picha za jumba kwenye simu tangu mchana hadi usiku, nami nilituma zangu sita. Nilijiambia kwamba zilizo bora zaidi zimo kwenye droo.

Nilianza na mkanda mmoja wa Pan F. Dawa ilikuwa ID-11 mpya, niliyoikoroga siku mbili kabla kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, na niliizimua kwa kipimo kimoja cha maji kwa kimoja cha dawa, ambacho kwa Pan F huhitaji dakika nane na nusu katika nyuzi 20. Januari maji ya bomba kwangu hufika nyuzi 29, kwa hiyo kusafisha filamu ni kazi ya barafu: beseni kubwa, chupa za dawa zimezamishwa ndani yake, mifuko ya barafu ikiongezwa na kutolewa, na kipimajoto kikichunguliwa kila baada ya muda mfupi, kwa sababu nyuzi mbili zikizidi negativu, yaani filamu iliyosafishwa ambayo weusi na weupe wake umegeuzwa, inabadilika. Nilipindua tangi mara nne mwanzoni mwa kila dakika, nikamimina, nikasimamisha kwa asidi, nikakaza kwa dakika nne, nikaosha kwa kubadilisha maji mara tatu na kupindua mara tano, kumi, kisha ishirini. Nilipoivuta filamu kutoka kwenye reli, ile gurudumu ya kuizungushia ndani ya tangi, na kuinyanyua dirishani, nilidhani kwanza kwamba nimeshika mwisho wake usiopigwa. Ilikuwa angavu karibu yote. Nikiigeuza ubavu, mwanga ukiwa nyuma, mbingu ilionekana kama moshi mwepesi wa kijivu, nguzo kama mikwaruzo, na chini ya roshani hapakuwa na kitu: jelatini tupu. Maandishi ya pembeni, yale ya jina la filamu na namba za fremu ambayo kiwanda huyachoma kwa mwanga kabla ya kuifungasha, yalikuwa hafifu kiasi kwamba nilisoma 14 pale ambapo hesabu ilinionyesha ni 19.

Mtu akiona negativu nyepesi namna hiyo hushuku kwanza mwanga wa siku ya kupiga. Nilishuku hivyo pia, kwa nusu saa, mpaka nikasafisha mkanda wa FP4 kwa dawa kutoka chupa ileile, kwa dakika zake kumi na moja. Ulipigwa saa ileile, kwa mita ileile na lenzi ileile, ukakaa kwenye droo ileile. Ulikuwa mzuri: mawingu mazito, mistari ya nguzo iliyosimama, na chini ya roshani umbo la mlango likionekana pamoja na alama za nakshi zake. Mita haikukosea, na dawa haikuwa mbovu.

Nikafikiria mashine za eksirei, maana mizigo hupita kwenye ukaguzi bandarini. Dhana hiyo haikudumu. Eksirei huongeza ukungu, yaani huifanya filamu yote iwe nzito zaidi, na FP4, ambayo kwa kasi yake ingedhurika mapema kuliko Pan F, haikuwa na ukungu wowote. Hapa kitu kilikuwa kimepungua.

Jaribio lililonitoa gizani lilikuwa rahisi, na sijui kwa nini sikuanza nalo. Ndani ya friji nilikuwa na mkanda mmoja wa Pan F uliobaki katika ile niliyonunua pamoja mwaka 2019, wenye namba moja ya toleo na ile mitatu. Niliutoa, nikauacha upate joto la chumba, nikapiga fremu kumi na mbili za ukuta wa jirani, nusu jua nusu kivuli, kisha nikaukata gizani na kuufunga kwenye reli moja, na reli ya pili nikaifunga mkanda wa pili wa Beit al-Ajaib. Tangi moja, dawa moja, dakika nane na nusu zilezile. Kipande cha friji kilitoka kama inavyotakiwa, kivuli cha ukuta kikiwa na matofali yake. Mkanda wa droo ulitoka mwepesi kama wa kwanza. Kilichonifundisha zaidi ni maandishi ya pembeni. Yote yalichomwa kiwandani kabla mikanda haijafika mikononi mwangu, na toleo lilikuwa moja, kwa hiyo umri wao ulikuwa sawa. Kwenye kipande cha friji yalisomeka vizuri, meusi na makali. Kwenye mkanda wa droo yalikuwa yamefifia pamoja na picha zangu. Maandishi yale hayakutegemea mita yangu wala mkono wangu. Kilichotofautiana kilikuwa mahali yalipolala.

Kinachofifia huko kinaitwa picha fiche. Mwanga unapoigusa filamu hauachi picha inayoonekana. Ndani ya kila fuwele iliyopigwa unaacha doa la atomi chache za fedha, na namna doa hilo linavyojengwa ilielezwa mwaka 1938 na Ronald Gurney na Nevill Mott. Atomi kama nne zikikaa pamoja zinatosha kuifanya fuwele nzima igeuke kuwa fedha nyeusi ndani ya dawa. Zikiwa pungufu, dawa huipita fuwele hiyo kana kwamba haikuguswa na mwanga, na baadaye dawa ya kukazia huiyeyusha na kuiondoa. Sasa, oksijeni na unyevu huzirudisha atomi hizo katika hali ya chumvi, moja baada ya nyingine, na joto huiharakisha kazi hiyo. Fuwele za upande wa jua, zenye madoa makubwa, zinaweza kupoteza kidogo na bado zikasafishika. Fuwele za kivulini, zilizofikia kiwango kwa shida tangu mwanzo, zikipoteza atomi moja au mbili zimekwisha. Ndiyo maana mlango wa nakshi uliondoka wa kwanza, ukafuatwa na roshani za chini, na mawingu yakabaki.

Pan F Plus inajulikana kwa udhaifu huu, na kiwanda hakijauficha. Karatasi yake ya maelezo inasema filamu ikishapigwa isafishwe mapema iwezekanavyo, na inapendekeza isizidi miezi mitatu. Karatasi hiyo nilikuwa nayo kwenye kompyuta tangu siku niliponunua. Nilisoma jedwali la dakika na nyuzi nikaacha mengine. Vikopo vyenyewe, ambavyo niliviona kuwa ulinzi, nilikuwa nimevifunga palepale Forodhani, hewa ya bahari ikiwa ndani, na unyevu ule ulifungiwa pamoja na filamu kwa miezi 17.

Kabla ya kuugusa mkanda wa tatu nilivuka kwenda Unguja kumwona mzee mmoja aliyekuwa na studio miaka ya sabini. Nilimwamkia, akaitikia, akaipokea negativu kwa vidole viwili pembeni, akaitazama dhidi ya anga kwa muda mfupi sana. Hakuuliza dawa wala dakika.

"Mwanangu, uliipiga lini?"

"Mwezi wa nane, mwaka juzi, mzee."

"Mkanda wa kasi ndogo sisi hatukuulaza. Ukipigwa leo, unaoshwa leo. Joto hili la kwetu huliwezi."

Aliniambia kwamba enzi zake waliosha usiku, maji yakiwa yamepoa, na kwamba mteja akileta mkanda uliokaa tangu harusi ya mwaka uliopita walimwonya kabla ya kupokea pesa yake. Nilimuuliza nifanye nini na ule uliobaki. Akasema nizidishe muda kidogo, nisitegemee vivuli.

Ushauri wake unalingana na kemia. Kuongeza muda hakuwezi kurudisha fuwele iliyopoteza alama yake, kwa hiyo kivuli kilichokufa hubaki kimekufa. Kinachoongezeka ni uzito wa sehemu ambazo bado zina alama, pamoja na ukungu kidogo wa msingi. Mkanda wa tatu niliusafisha kwa dakika kumi na moja na nusu badala ya nane na nusu, katika nyuzi zilezile 20. Ulitoka na tofauti kubwa kati ya mwanga na giza, jambo ambalo Pan F inalo kwa asili na sasa lilizidi, lakini upande wa jua ulikuwa na uzito wa kufanyiwa kazi. Kati ya fremu 36 nilipata tisa. Laiti ningeisafisha mikanda yote mitatu namna hiyo, huenda ningepata zaidi ya ishirini.

Teknolojia ya dijitali, ambayo ndiyo iliyonizoesha kuchelewa, hapa ilinisaidia. Kwenye karatasi ya kuchapishia, hata ya daraja kali kuliko zote, fremu zile tisa zisingetoa zaidi ya kijivu. Nilizipiga upya kwa kamera ya dijitali ya megapikseli 24 yenye lenzi ya karibu, negativu ikiwa juu ya kibao cha taa, fremu moja mara nne kwa mwanga uleule, nikazijumlisha ili kupunguza chenga za kihisi. Kamera hiyo huigawa fremu ya milimita 36 katika pikseli 6,000, yaani takriban 167 kwa kila milimita, na kwa kipimo hicho chembe za Pan F karibu hazionekani, hata baada ya kuvuta toni kwa nguvu. Ningefanya hivyo na filamu ya ISO 400 iliyofifia kiasi hicho, chembe zingeimeza picha. Udogo wa chembe ulioifanya filamu hii iwe dhaifu kwenye droo ndio ulioipa uvumilivu kwenye kompyuta.

Nimeulizwa kwa nini nisiiache filamu hii kabisa. Jibu langu ni kwamba filamu za aina yake zimebaki chache, na naona ni hasara kuzikimbia kwa kosa la mtumiaji. Technical Pan ya Kodak, ambayo wengi waliipenda kwa chembe zake, iliachwa mwaka 2004. Mwaka huohuo Ilford ya Uingereza iliingia mikononi mwa wafilisi, na kama mameneja wake wasingeinunua mwaka 2005 na kuunda Harman Technology, kiwanda cha Mobberley pengine kisingekuwepo na kisa hiki kisingekuwa na filamu ya kuzungumziwa. Acros ya Fujifilm ilisimamishwa 2018, ikarudi 2019 ikiwa toleo la pili. Anayetaka chembe ndogo leo anachagua kati ya majina yanayohesabika kwa vidole, na kila moja lina masharti yake.

Masharti ya Pan F nayafuata sasa hivi. Sipigi mkanda wake kama dawa haipo nyumbani, tayari imekorogwa. Naipima kwa ISO 25 mahali penye vivuli ninavyovihitaji, ili alama zianze zikiwa na ziada. Mkanda ukimalizika huku nikiwa safarini, naufunga ndani ya mfuko wenye punje za kunyonya unyevu, nauweka kwenye friji ya mwenyeji wangu, na nikiutoa nauacha ufungwe vilevile kwa saa kadhaa ili mvuke usigande juu ya jelatini. Juu ya kila kikopo naandika tarehe mbili, ya kupigwa na ya mwisho ya kusafishwa.

Negativu za Agosti 2019 ziko kwenye jalada moja. Nimechapisha tatu kwa ukubwa sawa na kuzitundika pamoja: moja ya simu, moja ya FP4, na moja kutoka mkanda wa tatu wa Pan F. Katika ya simu, vizuizi vya ghorofa ya juu vimeungana kuwa utepe mmoja wa kijivu. Katika ya FP4 vinahesabika, na chembe zinaonekana ukisogea. Katika ya Pan F, upande wa kulia uliopigwa na jua, vinahesabika hata kwa kioo cha kukuzia, na mpasuko wa lipu chini ya saa unaonekana mwanzo hadi mwisho kama uzi. Chini yake, mahali pa mlango, kuna weusi mtupu, na kuujua mlango huo inabidi niigeukie picha ya FP4.